Zima Mwenyewe

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: Ajali ya mashine, kiwanda cha kufulia mashuka
Jina: Limehifadhiwa kwa ombi lake. Kazini anaitwa Mama Pasi.
Umri: Miaka 47
Kazi: Mpiga pasi
Makazi: Vyumba vya kupanga nyuma ya kiwanda

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nina akili timamu, sijalazimishwa na mtu, nimekuja kwa miguu yangu. Nasema hivyo kwa sababu Ijumaa iliyopita nilisaini karatasi nyingine ofisini kwa bosi, na ile niliisaini kwa woga.

Nimepiga pasi pale miaka kumi na mmoja. Aliyeumia tunamwita Tarumbeta. Alikuwa kwenye mashine ya kukamua, hatua tano nyuma yangu. Jina lilitokana na sauti: akisalimia getini, sisi wa ndani kabisa tunaitikia. Mvuke wa pasi yangu ukipanda, alikuwa anapaza sauti, "Zima!" kana kwamba nyumba inaungua, nami namjibu, "Zima mwenyewe!" Watu wanacheka, kazi inaendelea. Utani huo una miaka minne.

Mwezi uliopita komeo la mfuniko wa mashine yake lilivunjika, ukawa unafunguka pipa likiwa bado linazunguka. Tarumbeta alimwambia bosi mara tatu, mbele yetu. Bosi akajibu, "Kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi." Hapo pia tulicheka. Tulikuwa watu wa kucheka sana.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Jumanne, saa nne na dakika arobaini asubuhi, nilikuwa napiga pasi foronya. Saa nilikuwa nimeitazama, maana chai yetu ni saa tano kasoro robo. Nikasikia nyuma yangu, "Zima!" Nikajibu bila kugeuka, "Zima mwenyewe!" Akaita tena, "Zima!" Mara hiyo nilinyamaza. Nikamaliza upande wa kwanza wa foronya, nikaigeuza. Ndipo akapiga kelele isiyo na neno ndani yake. Kugeuka, naona shuka limemviringia mkono wa kulia hadi begani na mashine inamvuta. Kitufe chekundu cha kuzimia kiko ukutani, pembeni ya meza yangu. Sikuhitaji hata kupiga hatua. Nilinyoosha mkono nikabonyeza.

Hakupoteza fahamu. Alinitazama, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Mama Pasi, si nilikuita?" Hospitali wameukata mkono juu ya kiwiko.

Ijumaa tarehe 17 bosi alituita mmoja mmoja. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Karani akanitafsiria: "Hapa inasema alikuwa anapiga kelele kama kawaida yake. Si kweli?" Nikasema ni kweli. Bosi akaniambia, "Yaliyopita si ndwele, mama. Wewe bado una mikono yako miwili." Nikasaini.

Nyumbani binti yangu, anayesoma sekondari, alinisomea nakala. Akasema Kiingereza kina maneno chungu nzima ya jambo hili: lipo la anayefoka, la anayeshangilia, la anayeumia, hata la mtoto anayedeka. "Sasa mama, hawa wameandika la mtu anayefanya fujo." Yaani Tarumbeta alijikata mkono mwenyewe kwa mchezo, kazi hana, na lawama ni zake. Bosi ana Kiingereza chote kile, na hilo ndilo alilolichagua. Mimi nikaliwekea sahihi.

Naona aibu, afande, na nina hasira na yule bwana kuliko inavyofaa kuandikwa humu. Naomba lile la Ijumaa lisihesabiwe. Kelele hupiga hata mtu mwenye raha zake. Yowe hupigwa na anayehitaji watu. Yule alipiga yowe tangu "Zima!" ya kwanza, na watu tulikuwepo. Nimekwenda hospitali mara mbili, zote nimeishia mlangoni.

Hayo ndiyo niliyoyasikia, na hayo ndiyo niliyoyajibu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya askari aliyeandika: Nimemsomea shahidi maelezo haya tarehe 20, saa tisa na robo alasiri. Nilipofika palipoandikwa "akapiga kelele isiyo na neno" alinisimamisha, akaomba isomeke "akapiga yowe lisilo na neno". Naandika marekebisho hapa, na sote tumeyasaini. Nilipofika "Mara hiyo nilinyamaza", alinisimamisha tena. Amesema si kweli. Mara ya pili pia alijibu, "Zima mwenyewe!" na akacheka.