Nililala Mkahawani

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili mchana

Mpendwa kaka,

Shikamoo. U hali gani, na wifi yangu je? Yule mdogo wenu, kifua kimeacha kumbana? Siku ile tulipoongea kwa simu nilimsikia akikohoa nyuma yako, nikakusahau wewe nikawa namsikiliza yeye. Mwambieni shangazi yake anamwombea. Sisi huku tunapumua, tunakula, na mlango wetu unafunguliwa asubuhi na kufungwa jioni kama milango ya watu wengine.

Mama hajambo kwa kadiri yake. Upande wa kulia umelala vilevile tangu apate kiharusi, ila maneno yanarudi, moja leo, jingine wiki ijayo. Juzi alitaka kijiko akaita mwavuli, kisha akajisikia mwenyewe, akacheka. Mgongo wake ni mzima, hauna kidonda hata kimoja, kwa maana namgeuza usiku kucha, na mchana nikiwa kazini mama mdogo hukaa naye, nami nakimbia kuja kumgeuza. Daktari alipoukagua alinisifu sana. Nilitamani aniambie nikalale.

Kazini bado nipo, kule kule kwenye karakana ya sare za shule. Msimamizi amenitoa kwenye kola akaniweka kwenye vifungo. Sikumlaumu. Nilikuwa nimeshona shati nikaziba mkono mmoja kabisa, wenzangu wakaulizana mwanafunzi huyo ataandikia nini. Nami nilicheka nao, lakini kaka, sikukumbuka hata kulishika shati lenyewe.

Sasa nikupe ya jana. Unamkumbuka rafiki yangu msusi, yule uliyempachika jina la Redio kwa kuwa hazimwi. Katikati ya wiki alipita hapa, akasimama mlangoni akinitazama kichwani.

"Nywele hizi zinaomba msaada," akasema, "lakini tuanze na mwenyewe. Jumamosi nakutoa tukale."

Nikamwambia sina nafasi.

"Sijakuuliza nafasi. Nimekutajia siku."

Kumbe alikwishapanda ghorofani kwa mama jirani, wakapatana, na mama jirani amekubali kukaa na mama tangu asubuhi mpaka nirudi. Mimi nilikuwa wa mwisho kuambiwa.

Basi tukaenda. Ni mkahawa mpya mjini, ukuta wote wa mbele ni kioo, vyakula vimeandikwa kwa chaki ubaoni, na viti ni vya chini hata magoti yanakaribia kidevu. Watu huenda pale asubuhi ikishazeeka, wakala mlo mmoja ulio kifungua kinywa na chakula cha mchana kwa pamoja. Redio alimwuliza mhudumu ni kipi hasa kati ya hivyo viwili. Mhudumu akasema ni vyote. "Basi tutashiba mara mbili," akasema Redio, akaagiza mayai, mikate ya kuokwa, matunda, maziwa, kahawa, mpaka meza ikakosa pa kuweka kiwiko.

Nilianza vizuri. Nilikula kipande cha papai. Redio akaanza kunisimulia habari za mteja wake mmoja aliyekuja na picha ya nywele anazotaka, na nywele zenyewe za kusukwa hana. Nilifika naye mahali ambapo mteja anaanza kulia. Baada ya hapo sijui.

Nilipofumbua macho, shavu langu lilikuwa mezani, juu ya mtandio wa Redio, umekunjwa vizuri kama mto. Vyombo vilikuwa vimeondolewa, imebaki sahani yangu imefunikwa kwa sahani nyingine. Waliokuwa wameketi karibu nasi walikuwa wameshaondoka na wengine wamechukua viti vyao. Na Redio alikuwa amekaa kimya. Kaka, tangu tukiwa darasa moja sijawahi kumwona hivyo.

Aibu ilinishika. Mtandio ulikuwa umelowa mate. Nikamwuliza kwa nini hakuniamsha.

"Nikuamshe uende wapi?" akasema.

Akanieleza kwamba mhudumu alikuja kuomba meza, maana watu walikuwa wakingoja mlangoni. Akamjibu, "Huyu mwenzangu bado anakula. Anakula usingizi." Yule kijana akanitazama, akaenda akaleta sahani ya kufunikia chakula changu, kisha akapunguza muziki.

Nilidhani yameishia hapo, nikavuta sahani yangu. Redio akaniwekea mkono juu ya mkono.

"Ulikuwa unaota kwa sauti," akasema.

"Nimesema nini?"

"Umesema, 'Mama, geuka kidogo, nakuomba.' Umerudia na kurudia, huku unalisukuma bakuli la matunda."

Kisha Redio akauliza, "Kaka yako anajua?"

"Anajua mama anaumwa."

"Sikuulizi habari za mama."

Nikayala yale mayai yakiwa baridi. Machozi yalinitoka bila kilio, yanajitokea tu kama maji ya bomba bovu, nami nikaendelea kutafuna. Redio aliniachia. Alinipakia mkate siagi, kipande kimoja baada ya kingine, kama anavyolishwa mtoto aliyetoka kuugua.

Nilirudi mbio. Njia nzima nilikuwa nikimwona mama ameanguka, au analia, au ananiita na hapati jina langu. Nilipofungua mlango nikasikia kicheko. Mama jirani alikuwa kitandani na mama, wameegemeana kama wasichana, wanatazama picha za zamani. Uji ulikuwa umenywewa wote. Mama alikuwa ameshageuzwa, tena mto umewekwa mahali pake. Nilishukuru, kaka, lakini sitakuficha, wivu nao uliniuma. Nikaenda jikoni nikakaa juu ya ndoo nikiwa bado na mkoba begani. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba nikitoka nyumba itaanguka. Haikuanguka. Iliyokuwa inaanguka ni mimi.

Ndiyo maana leo nakuomba, na sijawahi kukuomba jambo zito kama hili. Njoo. Likizo yako ijayo uimalizie hapa. Usije kama mgeni wa kupikiwa. Njoo ulale chumba cha mama, mimi nitakwenda kwa mama mdogo nikalale mpaka nichoke kulala. Kumgeuza nitakufundisha. Mkono mmoja chini ya bega, mwingine nyongani, unasubiri avute pumzi, kisha unamvuta kwako taratibu. Wewe una nguvu kunishinda. Najua kazi yako haikupi nafasi kirahisi, na najua safari ni ndefu. Nimeyapima yote hayo kabla ya kushika kalamu. Nimechoka, kaka.

Wifi yangu mbusu kwa niaba yangu, na watoto wote. Mjomba wetu wa huko mfikishie salamu, mwambie dada yake humwulizia. Mama mdogo anakusalimu, mama jirani pia, na Redio anasema usipojibu haraka atakupigia mwenyewe, nawe unajua maongezi yake hayana mwisho.

Mungu akuzungushie ulinzi wake kazini na njiani, na kikohozi kimtoke mtoto.

Nimemwambia mama hivi sasa kwamba nakuandikia. Jina lako bado hajalipata, akaniuliza, "Yule mrefu?" Nikasema ndiye huyo. Akasema, "Mwambie," kisha neno likampotea. Nilingoja. Alilitafuta kwa muda, halikuja, akapapasa shuka kwa mkono wake mzima, pale ukingoni mwa kitanda anapokaa mtu.

Akupendaye hata akiwa hoi,
Mdogo wako