Treni ya Kijani Chini ya Meza ya Kukatia

Jumamosi, 7 Juni
Ngai, nimefanya wazimu! Nimeenda Thika kutafuta vifungo kwa sale ya kanisa ya vitu vya zamani, nikarudi hapa dukani kwangu Kimbo na treni. Treni ya kuchezea! Iko ndani ya boksi lake la zamani, limefungwa kamba, halijawahi kufunguliwa. Kwa kifuniko wamechora injini ya kijani ikitoka kwa tunnel, moshi mweupe, watoto wakipunga mikono. Mimi, fundi wa nguo, mama mzima—nimelipakata njia yote kama mtoto mchanga.

Jumapili, 8 Juni
Lynn wangu amekuja kutoka Mwihoko. Akapiga boksi picha, akaweka online. Kabla tumalize chai, collector wa Nairobi, mtu wa kukusanya treni za zamani, Bwana Muriithi, ameshaitaka. “Mum, usiguse hiyo kamba! Ikiwa imefungwa ndio ina bei. Anakuja Jumamosi.” Nikasema sawa. Sawa gani?

Jumanne, 10 Juni
Nimelinusa. Nimelitikisa kidogo—kitu kikagonga ndani, tik! Mteja ananieleza habari ya sketi yake, mimi macho kwa boksi.

Alhamisi, 12 Juni
Nimekata kamba!! Na makasi yangu ya vitambaa. Ndani—aki! Kila kitu kimelala kwa kishimo chake: injini, mabehewa, reli, na karatasi nyororo juu yake. Miaka yote hiyo, na hakuna mkono uliowahi kuigusa. Nikakaa nikicheka peke yangu.

Plagi ni ile ya zamani, pini za mviringo. Nikavuka barabara kumwita Njau, fundi wa stima. Tangu mkewe afariki sijamwona akicheka. Akabadilisha plagi, akapima waya. “Mama Lynn, hii inaweza kuungua.” Nikamwambia washa tu. Haikusonga. Nikatia tone la mafuta ya cherehani kwa magurudumu. Ikakohoa, ikatetemeka—ikaenda! Ikazunguka chini ya meza ya kukatia, taa yake ndogo inawaka. Njau akalala kwa tumbo sakafuni, na suruali safi! Amecheka mpaka akafuta machozi. Nikafunga duka. Wateja watarudi.

Ijumaa, 13 Juni
Njau amerudi. Ati kuangalia waya. Na samosa! Na shati limepigwa pasi!
Lynn sijamwambia kitu.

Jumamosi, 14 Juni
Wamefika mapema! Mimi na Njau tuko chini, bega kwa bega, hata hodi hatukusikia. Lynn akapiga nduru: “Mum! Umefungua?” Bwana Muriithi akaokota kamba iliyokatwa. Halafu injini ikapita mbele yake. Akavua koti. Akavua viatu. Akapiga magoti. Akasema ana kabati limejaa maboksi nyumbani, na hajawahi kuona hata treni yake moja ikitembea. Sasa anaendesha yeye, hataki kuachia swichi. Kama atanunua, hajasema. Nami siulizi.

Lakini Lynn haangalii treni. Anamwangalia Njau.
“Mum, na huyu ni nani kwetu?”
Nikasema ngoja nilete chai.

Naandika haya chumba cha nyuma. Huko mbele Lynn anamhoji maskini wa watu—unatoka wapi, unaenda kanisa gani—naye anajibu kwa adabu, moja moja. Chai imefurika mpaka ikazima jiko, na mimi hapa natafuta lipstick. Lipstick ya chai!

Sasa Lynn amemuuliza swali lenyewe: wewe ni nani kwa Mum? Njau anasafisha koo. Hebu simamisheni hiyo treni kidogo, nisikie—