Siku Niliyokataa Kukaa Nyuma ya Gereji

Akinyi mjukuu wangu,

Huku Bahati tuko salama. Nyanya yako amepona goti na amerudi kupalilia viazi. Umeniuliza kwa nini niliacha kazi ya gereji mjini Nakuru nikiwa kijana.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mkubwa wa kiwanda cha magari cha Uingereza alikuja kututembelea, na meneja wetu Mzungu akatuamuru sisi mafundi Waafrika tukae nyuma ya gereji mpaka mgeni aondoke. Wenzangu walienda. Mimi nilibaki na lori nililokuwa nikitengeneza.

Mgeni alinikuta nikifunga injini. Alipenda kuongea. Aliniambia alianza kwa kufagia kiwandani, akawa fundi, akapanda cheo mpaka sasa anakiongoza.

"Wewe uliruhusiwa kupanda cheo," nikamjibu. "Sisi tumeambiwa tujifiche usituone."

Uso ulimwiva. Alimtazama meneja, kisha wakaenda kula.

Jioni meneja aliniita. "Omba msamaha ama uende."

"Msamaha wa nini, bwana? Wa kuonekana?"

Nilinawa mikono nikaondoka. Miezi iliyofuata ilikuwa migumu, tuiache hapo. Baadaye nilifungua gereji yangu ya mabati kando ya barabara ya Lanet, nikaandika jina langu ukutani kwa rangi nyekundu, herufi za kuonekana toka mbali. Meneja aliishi upande ule. Kila asubuhi akienda kazini, ilibidi alisome.

Ni mimi babu yako,
Owuor