Chupa ya Asali Kabatini mwa Faili

Tabora, Jumatano

Nilisema tangu mwanzo kwamba masjala ni mahali pa karatasi, si pa chupa. Wakubwa wakang'ang'ania sampuli ya kupimia asali tunayonunua vijijini ikae humo humo na faili. Mtu akifuta neno kwenye faili, ninaona. Asali ikichezewa nitaona nini? Lebo ni ileile, namba ileile.

Leo Mzee Kasanda, wa kijiji cha ujamaa huko Bukene, amerudi na debe la asali yao. Imekataliwa mara ya pili, eti ni nzito kuliko sampuli yetu. Nikaifungua chupa mbele yake. Akaonja.

"Mwanangu, nyuki wa wapi hawa? Hii imetiwa maji."

Nikamwita Bi Zuhura, mpiga chapa wetu. Hakukana. "Ndugu karani, sukari madukani hakuna. Nilichota asali hii ya chai kidogo kidogo. Ilipopungua nikaijazia maji."

Nilimfokea mpaka mzee akanishika mkono. Kijiji kizima kimenyimwa haki yake kwa sababu ya...

Chai yenyewe ni ya ofisi nzima. Wiki mbili nimeinywa na kuisifu. Sikuuliza utamu unatoka wapi.