Kazi ya Kujichagulia

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini kile kigutu siku hizi kinakuacha ulale, na mama alirudi salama Ijumaa kutoka kusafishwa damu. Mimi mzima. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema "sawa, sawa" kisha unamrudishia mama.

Nimeitwa usaili. Kaa chini kwanza. Ni kiwanda kile kile cha masufuria kilichochukua mkono wako. Si kwenye mashine. Wanatafuta karani wa kumbukumbu za ajali, mtu wa kuandika nani ameumia, wapi, na kwa nini. Najua unavyokunja uso. Lakini huu ni mwaka wa pili natembea na bahasha ya vyeti mpaka imechanika pembe, na mama hawezi kuikosa ile mashine ya hospitali mara mbili kwa wiki.

Dada mmoja aliyesailiwa kabla yangu anasema vyeti hawaviulizi sana. Wanauliza: "Ungeambiwa ujichagulie kazi yoyote, ungechagua ipi?" Nijibu nini, baba? Wewe walikuuliza?

Bintiyo

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako anapumua na anagomba, kwa hiyo hajambo. Mimi ni yule yule. Vumilia mwandiko, mkono wa kushoto bado ni mwanafunzi.

Mimi sikuulizwa kitu. Msimamizi alinibinya msuli, akasema, "Ingia." Ningeulizwa ningesema fundi saa, na wangecheka mpaka leo, maana mikono yangu enzi hizo ilikuwa kama makasia.

Sasa sikiliza. Wakikuuliza kazi ya kujichagulia, hawataki kujua roho yako inapenda nini. Wanataka kujua kama utawakimbia. Ukisema unataka ukubwa, watakuogopa. Ukisema yoyote tu, watakudharau. Sema unataka kazi yenye utaratibu, yenye watu wa kukufunza, ambayo ukiifanya vizuri kuna mtu anafaidika. Kisha funga mdomo.

Na usiseme wewe ni mtoto wa nani.

Sipendi uende. Nenda.

Baba yako

27 Machi

Baba,

Shikamoo. Leo nakusalimia nikicheka. Mama je, miguu imepungua uvimbe?

Walikuwa watatu: meneja wa utumishi, mhandisi mwenye kikohozi, na mama mmoja aliyekuwa akiandika bila kuinua kichwa. Maneno yako nilikuwa nimeyakariri njia nzima. Swali likaja.

"Binti, tuweke vyeti pembeni. Kazi ya kujichagulia ingekuwa ipi?"

Nilifungua mdomo, yakatoka mengine kabisa. Nikasema, "Ningechagua kazi ya kuhakikisha kwamba mtu aliyeingia kazini asubuhi na viungo vyake vyote, jioni anarudi navyo nyumbani."

Mhandisi akaacha kukohoa. Yule mama akainua kichwa.

"Nani kakufundisha hayo?" meneja akauliza.

"Hakuna, mzee."

Akatabasamu. "Basi ni wewe tuliyekuwa tunakutafuta."

Naanza Jumatatu. Mwambie mama hatakosa tena hospitali hata siku moja. Nilitembea mitaa mitatu kabla sijakumbuka kwamba nyumbani ni upande mwingine.

Bintiyo

19 Juni

Baba,

Shikamoo. Nisamehe ukimya huu wote. Hela ya hospitali nadhani inafika. Siumwi.

Mwanzoni mwa mwezi nilitumwa nipange makabati ya zamani, nikaliona jalada lako. Limeandikwa: "Mfanyakazi alikuwa amelewa." Chini kuna alama ya dole gumba. Baba, wewe pombe hata kuinusa hutaki! Nilipigana shuleni kwa neno hilo, nikidhani ni uzushi wa mtaani. Dole lile ni la nani?

Na si hilo tu. Jumanne mtu mmoja wa zamu ya asubuhi alivutwa mkono na mashine ya kukandamiza mpaka bega. Damu ilimwishia kabla gari halijafika. Kizuizi cha kukinga mikono kiling'olewa tangu mwezi wa nne ili kazi iende mbio. Nilishamwandikia mhandisi barua mbili.

Jana meneja ameniwekea karatasi mezani. "Andika alikuwa anachezea simu." Nikamwambia simu sikuiona. Akasema, "Ulituambia unataka watu warudi nyumbani. Wewe unataka kurudi kwenu lini?"

Anaitaka Ijumaa ijayo. Kwa simu sithubutu, mama atasikia. Niambie nifanye nini.

Bintiyo

27 Juni

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Barua yako imenifikia sasa hivi, Jumamosi.

Dole ni langu. La kushoto, kwa kuwa la kulia lilikuwa limebaki kwao. Walinijia wodini siku ya nne, wakanisomea, wakasema nikiweka dole watalipia kitanda, nisipoweka nitoke siku hiyo hiyo. Mama yako alikuwa amesimama pale, wewe umeshika nguo yake. Nilijua kilichoandikwa. Nikaweka.

Kisha ukawa unarudi shuleni pua inavuja damu kwa kunitetea, nami nakuosha uso nakwambia, "Wapuuze." Nilipaswa kukwambia ukweli. Niliona haya.

Usiandike simu. Andika kizuizi. Ya mama yako tutajua huku. Lakini Ijumaa imeshapita. Kama ulikataa, Mungu akushike mkono. Kama hukukataa, niambie wewe mwenyewe, nisije nikasikia kwa watu.

Baba yako

8 Julai

Baba,

Shikamoo, kama bado unaipokea kutoka kwangu.

Niliandika simu. Mstari mmoja na nusu. Barua yako ilikuwa bado haijafika, lakini sitaki kujificha nyuma ya posta. Nilijua ungesema nini.

Jana mjane wa yule marehemu alikuja. Hajui kusoma, akaniomba nimsomee taarifa ya ajali. Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mtoto, "Mwanangu, simu tulikuwa nayo moja tu. Siku ile aliniachia mimi." Akaitoa, akaiweka mezani kwangu. Meneja akasema labda aliazima nyingine. Yule mama hakumtazama meneja. Alinitazama mimi, akangoja niseme kitu.

Nikamsogezea wino wa kuwekea dole.

Anakaa nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda. Mwisho wa mwezi wanamtoa. Nimekwambia mimi mwenyewe, kama ulivyotaka.

Bintiyo

2 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilisafiri. Nilikuja huko huko mjini. Kwako sikupita.

Nilikwenda nyumba za wafanyakazi, nikamkuta yule mama anafunga vyombo. Nikamwambia mimi ni nani, na baba wa nani. Aliendelea kufunga vyombo mpaka nikainuka niondoke. Ndipo akasema, "Kaa, mzee, unywe maji." Nikamwonyesha kigutu, nikamsimulia ya wodini yote.

Kesho yake tukaenda ofisi ya kazi. Afisa amesema shauri langu limepitwa na wakati, ila la mumewe litasikilizwa. Kisha akauliza, "Karani aliyeandika taarifa hii mnamjua?" Yule mama akainamisha kichwa, hakutaka kusema mbele yangu. Ningeweza kusema simjui. Nikamtajia jina lako lote, na langu nyuma yake.

Watakuita. Kazi itaondoka, na huenda yakaja mengine mazito kuliko hayo. Zile barua mbili ulizomwandikia mhandisi, kama unazo nakala, mpelekee afisa kabla hazijapotezwa.

Mama yako alijua kabla sijaondoka. Nauli alitoa yeye, kwenye hela ya hospitali, ndiyo maana Ijumaa hatukwenda. Miguu imejaa na pumzi ni fupi, lakini jana alikula.

Anasema yeye hajakukasirikia. Mimi bado nina hasira nawe. Njoo nyumbani.

Baba yako