Jina Lako Jukwaani

Mama,

Kuna jambo sijamwambia mtu. Jana niliingia bafuni, nikafungua bomba lipige kelele, nikaita jina lako. Si "Mama." Jina lako lenyewe, lile ambalo mtoto haliweki mdomoni. Nililisema mara moja tu, nikafunga bomba, nikasikiliza. Hukuitika.

Usinikasirikie kabla sijamaliza. Ni kwa sababu ya Mama Diego.

Unakumbuka hakuna mwingine aliyemwita hivyo? Wameksiko wenzake wanamwita Araceli, na kwenye zile ofisi za Golden Valley mlizokuwa mkisafisha pamoja, walimwita jina la kwenye beji. Wewe ulisema mwanamke mwenye mtoto haitwi kama msichana, ukampa jina la mwanawe. Yeye akakuita jina la beji yako, na hukumkataza. Ulirudi nyumbani ukicheka: "Ule Mumeksiko ananiita kama vile tuliruka naye kamba!"

Basi, Mama, michezo yake imefika mbali. Ile ile aliyokuwa akikuigizia huku mnasukuma mashine za kufyonza vumbi, yeye anaruka waya wa mashine, wewe hujui Kihispania, yeye hajui Kiswahili, na Kiingereza chenu wote wawili kilikuwa cha kuombea maji. Ukicheka, sehemu ile aliibakiza. Ukinyamaza, aliitupa. Amelisema hilo hata gazetini. Picha yake ilitoka kubwa, amevaa koti lile lile la kijani lisilo na kifungo cha juu. Alianzia chini ya kanisa lao, viti vya kukunja na harufu ya kahawa. Kisha ukumbi mdogo kando ya fundi wa matairi. Sasa ni jumba kubwa katikati ya Minneapolis, milango ya vioo, na watu wa Chicago wameshauomba mchezo uende kwao. Kazi ya usafi ameacha. Diego anasema mama yake ni staa lakini bado anakata kuponi za sabuni.

Mchezo wenyewe ni juu yenu. Wanawake wawili, ofisi tupu, mmoja anaumwa na hasemi.

Na mimi nimo. Mimi huyu, ambaye mwalimu akiniuliza natazama viatu. Mwigizaji aliyechukuliwa kuwa binti wa huyo mgonjwa alishindwa kutamka Kiswahili chako, ndipo Mama Diego akanijia. Nilitikisa kichwa kukataa. Halafu nikakusikia kabisa: "We Esta, kinywa haiko ya kukula tu!" Nikakubali, kabla sijajua mwisho wake.

Mwisho wake, binti anasimama peke yake chini ya ngazi, anamwita mama yake kwa jina. Mara moja, kwa sauti. Nilimwomba Mama Diego niseme "Mama" tu. Nikamweleza kwamba kwetu hata mtoto akipotea sokoni hamwiti mama yake kwa jina. Alinisikiliza vizuri. Akasema, "Ukumbini watajaa akina mama, mwanangu. Ukisema Mama, nani atageuka?" Kwao, alisema, marehemu huitwa kwa jina ili aijue njia ya nyumbani.

Kila mazoezi nikifika hapo, natazama viatu. Wote wanangoja. Mtu wa taa anakohoa. Mama Diego anasema, "Haya, kesho." Lakini kesho zimeisha, Mama. Mchezo unafunguliwa Jumamosi.

Na Papa hajui. Namwambia niko maktaba. Juzi akauliza, "Maktaba gani hiyo inafunguliwa hata Jumapili jioni?" Mama Rehema wa kwaya amemwambia pengine nina bwana. Afadhali ingekuwa bwana! Tangu tulipokuzika kwenye makaburi ya Inver Grove Heights, udongo umeganda kama chuma, Papa hajakutaja. Viatu vyako vya theluji amevifungia kabatini. Anasema marehemu aachwe apumzike. Akisikia binti yake anapaza jina lako mbele ya watu waliolipa kiingilio... sijui. Kweli sijui.

Lakini si yeye ninayemwogopa zaidi.

Ukiwa "Mama," bado unaweza kuwa popote. Kazini. Kwenye basi, umechelewa, unakuja. Nikikuita jina lako, na jumba zima limenyamaza, na wewe husemi kitu, basi ndiyo imekwisha. Hilo ndilo nililoliogopa bafuni. Niliogopa usiitike. Na niliogopa uitike.

Nasikia buti za Papa ngazini, amerudi kutoka ghala la Eagan. Anakung'uta theluji, mguu mmoja, mwingine. Siku zote karatasi kama hii ningeshaisukuma chini ya godoro. Lakini wewe ulificha maumivu yako mpaka daktari akatuambia yeye badala yako, na mimi nimeona kuficha kulitufikisha wapi.

Tiketi ya Papa imekaa ndani ya Biblia yangu wiki nzima. Nimeitoa. Nimeiweka mezani, kando ya barua hii.

Sikia, nakuahidi. Jumamosi nitakuita. Usihangaike kuitika. Nitangoja kidogo, kama mtu anayengoja mlangoni, kisha nitatembea hadi mwisho wa jukwaa kama nilivyofundishwa. Nawe usinionee aibu kwa kukosa adabu.

Ufunguo umeingia. Siifuniki karatasi. Ataona.

Lala salama, Feza.

Feza, mama yangu.

Esta wako