Twiga Aliyeagana Chini ya Bati

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba sana. Huku Temeke tu wazima. Shangazi yako kanunua jogoo anayewika saa nane mchana, na bado anamtetea. Ya magoti yangu tuyaache.

Unasema wanaochora filamu ya hadithi yako wanataka kufuta maneno yote pale kobe anapomuaga mama yake, na Ijumaa wanataka jibu. Unauliza, ukubali?

Ujanani nilitunga mchezo. Nilikata wanyama kwenye maboksi, nikawafunga vijiti, nikajificha nyuma ya kanga niliyoitundika sebuleni kwa jirani yetu Mama Pili, mtu asiyesifia kitu. Mie nilikuwa nayapenda maneno yangu kuliko wanyama wenyewe. Twiga alipoanza tu kumuaga mwanawe, mvua ikashuka juu ya bati. Nikapaza sauti, wapi! Hata mwenyewe sikujisikia. Basi nikamwendesha twiga polepole. Akaenda, akasimama, akageuka, akainamisha shingo. Bati linanguruma, na chumba kizima ni kama kinaelea.

Mvua ilipokatika, Mama Pili aliivuta ile kanga ya pazia, akafutia macho, akanikuta nimeshika twiga wangu.

"We kijana," akaniuliza, "alimwambia nini mwanawe?"

Nilikuwa nimeandika kurasa mbili.

"Hakusema kitu, mama."

Daftari ninalo mpaka leo, na hizo kurasa mbili hajazisikia mtu.

Babu yako, anayeingoja filamu